Ijumaa Mtani Alipoitwa Kaka

Zamzam Mkwinda hakuzaliwa kuupenda umeme. Kwao Liwale aliujulia dukani, taa moja iliyozungukwa na wadudu, na mpaka leo akishika swichi hukunja uso kama anayeonja dawa. Lakini ndiyo kazi aliyoipata mjini, na ukimsikia akimweleza dereva tofauti ya volti na ampea utadhani alilelewa ndani ya transfoma.

Kazi yenyewe ni kusimamia kituo cha kuchajia bajaji za umeme pale Gerezani, kwenye ua wa Elibariki. Huyu Elibariki ni Mmachame aliyeuza spea za pikipiki kwa miaka kumi na tisa, na kila mtu humwita Mangi. Bajaji za umeme zilipoanza kuzagaa Kariakoo, Mangi aling'oa mashelfu yake, akafunga mashine nane za kuchajia ukutani, kisha akamwita Zamzam, aliyekuwa akimuuzia plagi na kabureta, akamwambia kuanzia Jumatatu yeye ndiye msimamizi. Zamzam akasema hajui lolote kuhusu mambo ya chaji.

"Simu yako huwa inazimika?" Mangi akamuuliza.

"Hapana, huwa nachaji."

"Basi unajua."

Huo ndio usaili aliofanyiwa. Baadaye alipelekwa mafunzo ya siku mbili, akarudi na cheti na hofu. Cheti kilitundikwa ukutani. Hofu alibaki nayo mwenyewe, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe msimamizi mzuri.

Ua wa Mangi una geti moja tu, na geti hilo ndilo lililotaka kuua watu, kwa hiyo lieleweke. Bajaji huingia hapo na kutokea hapo hapo. Ndani zinapangwa nne upande huu na nne upande ule, zimeelekezwa ukutani, katikati panabaki njia ya bajaji moja. Ukuta wa kushoto umeegemeana na godauni la magodoro lililojazwa mpaka dari. Juu ya godauni kuna chumba kirefu ambamo wanawake ishirini na wawili hushona sare za shule kuanzia asubuhi, wengine na watoto wachanga miguuni.

Ijumaa ina utaratibu wake pale kituoni, ambao hakuna aliyekaa akauandika. Madereva karibu wote ni Waislamu, na mchana ule abiria wanapungua. Ikifika saa sita na nusu wanaingiza bajaji zao, wanachomeka chaji, wanatundika funguo kwenye ubao wa misumari mlangoni mwa kibanda cha Zamzam, halafu wanakwenda kuswali na simu zimezimwa. Wakirudi, betri zimejaa. Funguo zinatundikwa ili Zamzam aweze kusogeza bajaji yoyote wakati wowote. Wanaobaki ni yeye na mlinzi, mzee Anselmi, Mmakonde wa Newala, anayesali Jumapili na kusinzia siku zote nyingine.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutundika ufunguo wake kwa amani, naye ni Marcelino.

Marcelino ni Mngoni wa Songea, na Zamzam ni Mngindo. Asiyejua maana ya hilo aelezwe. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, halafu wakawa watani, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuzushia ugonjwa, akakulilia kama maiti huku unakula, nawe unatakiwa ucheke na kutafuta la kumrudishia. Miaka mitatu hawa wawili walikuwa wakirudishiana. Sidhani kama waliwahi kuambiana neno moja la kweli mbele za watu.

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, Marcelino alikuwa ameilaza bajaji yake kituoni. Saa moja asubuhi Zamzam akampigia simu, akamwambia inaungua. Marcelino alitoka bafuni kwao Buguruni na povu kichwani, akadandia bodaboda, akafika Gerezani amejifunga kanga ya mkewe. Bajaji imetulia kivulini, na juu ya kiti kuna kikombe cha chai ya kumkaribisha. Kituo kizima kilicheka wiki nzima. Marcelino mwenyewe alicheka kuliko wote, akaapa mbele ya watu kwamba Mngindo huyu hatampata tena, hata akimwambia jua limechomoza.

Sasa ikaja Ijumaa yenyewe, ya Februari, joto la kukausha mate. Mashine nane zote zina bajaji, madereva wameshaondoka, mawaidha ya kabla ya swala yanasikika kwenye spika ya msikiti. Marcelino akaingia amechelewa, akakuta hakuna nafasi, akaisimamisha bajaji getini kwa ubavu, akakunja usukani na kuufunga.

"Hapo ni njia wewe," Zamzam akamwambia.

"Naenda kula, narudi sasa hivi. Mkitaka kupita si muruke? Babu zenu walikuwa hodari wa kukimbia."

"Walikuwa wanakimbia harufu yenu. Tundika ufunguo."

"Nimwachie Mngindo ufunguo? Nirudi niikute Kilwa inabeba korosho?" Akaurusha juu, akaudaka, akautia mfukoni, akaondoka anapiga mluzi.

Zamzam akacheka. Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe anakubali bila kubishana. Angekuwa dereva mwingine yeyote angemrudisha kwa ukali na ufunguo ungetundikwa. Kwa kuwa ni mtani, alimwacha aende.

Dakika kumi hazikupita, akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya utamutamu, kama mtu amefungua chupa ya rangi ya kucha. Akatoka kibandani akinusa. Bajaji ya mwisho kabisa upande wa kushoto, ile iliyogusana na ukuta wa magodoro, ilikuwa ikitoa moshi mweupe chini ya kiti. Ilikuwa ya Hafidhi, kijana mpole asiye na makuu. Jumanne mvua ilipoijaza Jangwani, Hafidhi alipita na bajaji kwenye maji yaliyofika kitini, na kwa kuwa ilitoka ikitembea hakuona haja ya kumwambia mtu.

Zamzam alishusha meni swichi ya kituo kizima, akachomoa waya wa Hafidhi kwa kitambaa. Moshi haukupungua. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha betri, akakiondoa haraka. Ile hofu aliyorudi nayo mafunzoni ikaamka. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba betri ya namna hii ikishaanza kujipika yenyewe, kuzima umeme hakusaidii kitu. Mtungi wa kuzimia moto utaituliza kidogo tu. Una dakika chache za kuitenganisha na vitu vingine, na baada ya hapo utaomba Mungu.

Upande wa pili wa ukuta ni magodoro. Juu ya magodoro ni wanawake ishirini na wawili. Na getini, ubavu kwa ubavu na nguzo, imekaa bajaji ya Marcelino.

"Mzee Anselmi," akaita, sauti ya chini kabisa. "Amka, baba. Njoo tusukume."

Mtu wa mikoani anaweza kuuliza kwa nini hakupiga kelele. Kariakoo na vitongoji vyake neno moto halipigiwi kelele. Ukilitamka tu, kila mwenye duka anakimbilia kutoa mali yake barabarani, vibaka wanafika kumsaidia kuitoa, na mtaa unajifunga kwa mabunda mpaka hata gari la zimamoto linabaki linapiga king'ora kwa mbali. Zamzam aliwahi kuliona hilo kwa macho yake, na mama mmoja alikanyagwa mbele yake. Kwa hiyo alimeza kelele zake.

Walisukuma, yeye na mzee. Usukani umefungwa, gurudumu la mbele limekunjwa kuelekea nguzoni, betri nzito kama jiwe la kusagia. Bajaji ilisogea upana wa kiganja, ikagoma. Wapagazi wa mtaa ule, wanaume wanaobeba friji mgongoni wakiwa wanapiga soga, walikuwa wote wameshapanga safu msikitini.

Akapiga simu zimamoto. Waliitika, wakasema wanakuja. Kisha akamgeukia mzee Anselmi.

"Panda kwa mafundi. Washuke wote na watoto wao, wasimame ng'ambo ya barabara."

"Niwaambie kuna moto?"

"Thubutu. Waambie kuna kampuni inagawa soda za bure."

Mzee akapanda ngazi. Haikupita dakika mbili, wanawake walianza kumiminika, wamebeba watoto, wanasukumana, wengine wanauliza kama kuna za machungwa. Hakuna hata mmoja aliyetilia shaka. Zamzam aliwaona wakivuka barabara, huku kidole chake kiko kwenye jina la Marcelino.

Simu ikapokelewa mlio wa pili.

"Marcelino, rudi utoe bajaji. Bajaji ya Hafidhi inafuka moshi na wewe umeziba geti."

Upande wa pili kikaja kicheko kirefu. "Wangindo bwana. Hata mwezi haujaisha." Akakata.

Zamzam akapiga tena. Safari hii alisikia sauti za watu wengi na vijiko, akaelewa kwamba jamaa ameweka spika wote wasikie. "Haya sema, jamani msikilizeni mtani wangu. Ehe, inaungua tena?"

"Marcelino, sikutanii. Wallahi sikutanii. Betri ya Hafidhi inawaka, njoo na ufunguo."

"Anaapa na kuapa," Marcelino akawaambia wenzake, na kibanda kizima cha chakula kikacheka. "Mwezi ule pia aliapa. Wewe mwambie Hafidhi aje anikute nakula." Akakata.

Mara ya tatu hakupokea.

Kutoka chini ya kiti cha Hafidhi kikatoka kishindo kidogo, kama cha bisi, kisha vingine viwili. Moshi uligeuka kutoka mweupe kuwa wa kijivu. Zamzam alimimina mtungi wote wa kuzimia moto chini ya kile kiti, akafunga kanga puani, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vioo akaimwaga, akajaza nyingine. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya moshi tu. Alikuwa na hasira, na hasira hizo hazikuwa na mtu wa kwenda kwake. Marcelino alikuwa anafanya kile hasa ambacho mtani anatakiwa kufanya. Kila neno alilojaribu kumwambia lilikuwa limeshatumika. Ameshamwambia inaungua, ameshaapa, ameshajifanya analia. Mwaka jana alimlilia msiba wa uongo mpaka Marcelino akavaa nguo nyeusi. Hakubakiwa na sauti ambayo Mngoni yule hakuwa ameshaicheka.

Kwenye spika khutba iliisha na watu wakasimama kuswali. Alijua kwamba hakuna atakayetoka mle kabla ya rakaa mbili, na kwamba betri haisubiri rakaa.

Akapiga mara ya nne. Simu iliita sana.

"Leo umekula nini wewe?" Marcelino akasema, mdomo umejaa.

"Shikamoo, kaka Marcelino," Zamzam akasema.

Marcelino akameza alichokuwa akitafuna.

Marcelino ni mdogo kwake kwa miaka minne. Hajawahi kumwamkia, wala kumwita kaka. Kati ya watani neno hilo halipiti, maana ukishamheshimu mtu umemtoa kwenye utani, umemweka mbali na wewe pamoja na wageni. Zamzam mwenyewe hakulipanga. Anasema lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na daktari.

"Zamzam?"

"Naomba uje, kaka. Nakuomba."

Alisikia kiti kikianguka.

Alifika akikimbia katikati ya barabara, ufunguo tayari mkononi, mikono imelowa maji ya kunawa. Akafungua usukani, akairudisha bajaji yake nyuma kwa fujo mpaka ikakwangua nguzo, geti likawa wazi. Zamzam alikuwa ameshatoa ufunguo wa Hafidhi msumarini na ameshakaa kwenye usukani, ule moshi unamtokea katikati ya miguu. Akawasha. Taa zikawaka, na akashukuru kwamba bado inatembea. Akairudisha nyuma kutoka ukutani, akaigeuza kuelekea getini.

"Shuka," Marcelino akasema.

"Toka njiani."

"Shuka nimesema." Akamshika kwapani, akamnyanyua kama mzigo, akamwacha chini kwenye vumbi. Akaketi mahali pake, akatoka getini.

Ng'ambo ya barabara, kupita walipokuwa wamesimama wale mafundi cherehani wakisubiri soda, kuna uwanja wa reli, wazi, vyuma chakavu na majani tu. Ni hatua kama mia moja na hamsini. Zamzam alimkimbilia nyuma. Nusu ya njia moto ulitoka chini ya kiti, si moto wa kawaida, ni ule wa kufoka kwa nguvu kama jiko la gesi lililopasuka mpira. Alimuona Marcelino akiinama mbele, ameachia usukani mkono mmoja, lakini hakuiacha bajaji. Kama angeruka pale, ingewaendea wanawake. Aliiendesha mpaka ikapanda reli kuukuu, ikayumba, ndipo akajitupa.

Bajaji ya Hafidhi iliungua peke yake, katikati ya uwanja, bila kumgusa mtu wala ukuta. Zimamoto walifika wakaimwagia maji kwa nusu saa. Waumini walitoka msikitini wakakuta moshi na wanawake ishirini na wawili waliokuwa bado hawajaelewa kama soda zipo au hazipo. Hafidhi alikaa chini akashika kichwa, akasema yale maji ya Jangwani, jamani, yale maji ya Jangwani. Mangi alikuja mbio, akayaangalia magodoro, akaangalia ukuta, akaenda nyuma ya kibanda akatapika.

Marcelino alilazwa siku nane. Mkono wa kulia umeungua kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni, na paja la mguu mmoja. Madaktari walisema vidole vitafanya kazi, ila visiharakishwe. Pale kituoni alizungumzwa kama shujaa. Mangi alipaka rangi nyekundu njia yote ya geti, na aliyesimama juu yake alifukuzwa bila kusikilizwa. Zamzam alikwenda hospitali mara mbili, mara zote akamkuta amelala kwa dawa. Alifurahi kidogo kwamba amelala. Alikuwa hajajua atasema nini.

Jumapili, alipokwisha kuruhusiwa, Zamzam alikwenda kwake Buguruni. Njia nzima alikuwa akiandaa matusi. Alipanga kumwambia kwamba Wangoni wanaungua vizuri kwa sababu ya mafuta mengi. Alipanga kumuuliza kama ile kanga ya mkewe nayo ilipona. Aliyachambua yote, akachagua makali zaidi, akafika mlangoni na moyo umechangamka.

Mektilda, mkewe, alikuwa uani anachambua mchicha. Akamwonyesha chumba. Marcelino alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe, uso umepungua.

"Karibu, dada," akasema.

Zamzam alicheka, akidhani ni mwanzo wa utani. "Dada ndiyo nani? Nimekuja kuona kama Mngoni wa kuchoma ana harufu kama wa kuchemsha."

Marcelino alitabasamu, tabasamu la adabu, kama la mtu anayemsikiliza mgeni wa kanisani. "Kaa, dada Zamzam. Umekuja kwa jua lote hili."

Akakaa. Wakaulizana habari za mkono, za kituo, za mzee Anselmi. Kisha Marcelino akaangalia bandeji yake.

"Nataka nikwambie kitu. Ulipopiga ile simu ya kwanza, wali ulikuwa haujaguswa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeletewa. Uliponiita kaka nilikuwa nimemaliza, na nilikuwa nimeomba mchuzi wa kuongeza, nikaula na wenyewe. Nimehesabu. Ni simu nne. Wale wanawake wangekuwa juu, ningekuwa nimewala mimi."

"Ni mimi niliyekuzoesha. Ni mimi niliyekudanganya."

"Hapana, dada. Wewe ulisema kweli, tena ukaapa."

Zamzam alijaribu tena. Alitukana ukoo wake, alimtukana babu yake aliyekuja na ngao. Marcelino aliitikia kila kitu kwa upole, ndiyo, kweli kabisa, haya. Mwishowe Zamzam akanyanyuka kuaga, na kwenye msumari wa mlango akaona kapelo ya Marcelino, ile ya bluu anayoipenda. Kwa watani hilo ni jambo linaloeleweka: unachukua kitu cha mwenzako mchana kweupe, unatoka nacho, na mwenyewe anatakiwa akufuate akikutukana mwizi mpaka mtaa ujae. Zamzam aliitoa msumarini taratibu, akihakikisha anaonekana. Akatoka nayo mpaka uani. Mektilda akaacha mchicha, naye akasubiri.

Zamzam alisimama pale, kofia mkononi, akiomba kimoyomoyo atukanwe.

"Vaa tu, dada," Marcelino akasema kutoka ndani. "Jua kali."

Alitamani kukaa chini alie. Akaivaa, kwa kuwa ameshapewa, akamuaga Mektilda, akatembea mpaka kituo cha basi.